Rangi ya Kiwandani: Dole Gumba la Kereng'ende

Maji ya kwenye ndoo yalikuwa mekundu, na Fundi alikuwa bado ameyakodolea macho.

Wewe uliyekuwa nasi wiki jana unajua kwa nini hilo ni balaa. Wewe unayetukuta leo, kalia hilo kopo la rangi nikueleze haraka, maana kazi iko mezani.

Fundi ni mama wa miaka arobaini na sita anayechora pikipiki uani kwake. Ukinunua pikipiki na hutaki ifanane na za wenzako, unampelekea. Rangi ya kiwandani haibandui. Anaisugua kidogo tu kwa msasa laini na maji, mng'ao upotee, rangi mpya ipate pa kushika. Kisha anachora juu yake unachotaka, na mwisho anafunika yote kwa vanishi.

Rangi ya kiwandani ina vanishi juu, na vanishi ikisuguliwa hutoa uji mweupe kama maziwa. Tangi la pikipiki nyeusi lililo mezani leo lilitoa uji mweusi tangu mkono wa kwanza. Halafu ukaja mwekundu.

Mwenye pikipiki anaitwa Msafi. Ndiye anayemwoa binti wa Fundi Jumamosi ijayo. Jina hilo amelipata kwa mashati yake meupe, na kwa leso anayofutia mkono kila akimaliza kusalimiana na mtu. Ukishikana naye mkono unaondoka ukijinusa.

"Ni rangi ya kiwandani, mama," alikuwa amesema. "Nimeinunua dukani ikiwa bado imefungwa nailoni."

Fundi akachukua kitambaa, akakilowesha thina ya kuyeyushia rangi, akakipitisha mara moja ubavuni mwa tangi. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwenye tanuri, na thina ya kitambaani haiibabaishi. Hii ilitoka kama masizi ya sufuria.

Akapitisha mara ya pili. Likatokea bawa.

Akapitisha mara ya tatu. Mabawa manne. Mkia mrefu wa samawati. Macho mawili makubwa yaliyomtazama kana kwamba yanamuuliza alikuwa wapi siku zote hizi.

Alikuwa kereng'ende. Na Fundi alimjua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemchora, bawa kwa bawa, kwa brashi ya nywele tatu.

Alimchora kwa ajili ya mdogo wake wa kiume. Kijana huyo watu walimwita Kereng'ende kwa sababu hakutulia popote. Ulimwona hapa, ukigeuka yuko kule, juu ya pikipiki yake nyekundu. Miaka mitatu iliyopita, jioni moja, watu watatu walimvizia kwenye njia ya machimbo, wakampiga kwa nondo na kuondoka na pikipiki. Mguu mmoja ulikatwa. Tangu hapo anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake, na siku hizi anatulia sana.

Fundi aliliinua tangi akaligeuza. Mkiani, pale panapofunikwa na kiti, alifuta taratibu.

Ana desturi yake. Kabla ya vanishi ya mwisho, kila mwenye pikipiki huchovya dole gumba kwenye rangi nyeupe na kulibandika mahali hapo. Huwaambia wateja, "Namba utabadilishiwa, kadi utaibiwa, kidole ni chako." Wateja hucheka, lakini wote hubandika.

Dole gumba lilitokea. Jeupe, kubwa, na limekatwa katikati na mstari mshazari kama barabara.

Kovu hilo alilipata mdogo wake akiwa na miaka saba, alipokatwa na mfuniko wa kopo. Fundi ndiye aliyekuwa ameshika kopo.

Akaliweka tangi mezani. Akaenda pembeni akatema mate. Yalikuwa machungu.

"Msafi!" akaita. "Njoo hapa!"

Bwana harusi alikuwa barazani na binti, wanakunywa soda. Alikuja akitembea kwa vidole kuukwepa uji wa msasa, kijiti cha meno kikiwa pembeni mwa mdomo. Binti alimfuata nyuma akiwa na mchoro mkononi.

"Mama, tumeshaamua," binti alisema kwa furaha. "Uso wake mbele kwenye tangi, na taji la dhahabu. Mabawa huku na huku. Mimi nitakuwa nyuma, mdogomdogo."

"Nyuma wapi?"

"Kwenye madigadi."

"Matope yakuruke?"

"Mama nawe!"

Msafi alicheka. Akatoa kijiti mdomoni, akaitazama ncha yake, akakilaza mezani katikati ya brashi za Fundi. Fundi alikitazama. Kilikuwa kinang'aa mate.

"Hii ulisema umeinunua wapi?" aliuliza.

"Dukani, mama."

"Ikiwa na nailoni?"

"Na nailoni yake."

"Na kereng'ende wangu nimkute chini ya nailoni?"

Akaligeuza tangi. Msafi aliinama, akatazama, akainuka. Ukitegemea kwamba alishtuka, umepotea. Alitoa leso akapangusa paji la uso, polepole, kama mtu aliye kwenye picha ya harusi.

"Sawa, mama. Nilidanganya kidogo."

"Kidogo?"

"Ni ya mkononi. Lakini niliuziwa ikiwa nyeusi hivihivi, nami nikaamini ni nyeusi ya kiwandani. Sasa mwanamume anakuja kuposa, aseme amekuja na pikipiki aliyoachiwa na mtu mwingine? Ungenionaje?"

"Ningekuona mkweli."

"Mama, ni pikipiki tu," binti alidakia. "Watu wanauziana kila siku. Tufanye uso mkubwa zaidi ufunike hilo dude, basi yaishe."

Hilo dude. Fundi alimwangalia mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu amzae akasikia kinyaa juu yake. Aligeukia chumba cha nyuma.

"Mdogo wangu! Hebu toka kidogo."

Magongo yaligonga sakafu, yakagonga ngazi, yakagonga changarawe. Kereng'ende alitoka amevaa fulana, jicho moja likiwa bado na usingizi wa mchana.

"Dada, kama ni chai mimi nime..."

Akaliona tangi.

Alijivuta mpaka mezani, akaegemeza gongo moja, akanyoosha mkono wa kulia. Dole gumba lake likatua juu ya lile jeupe. Mstari juu ya mstari.

Kompresa ya jirani ilisikika ikipumua.

"Mjomba," binti alisema. Mchoro wenye taji ulimponyoka ukaangukia kwenye uji mwekundu, na hakuna aliyeuokota.

"Wewe," Kereng'ende alimwambia Msafi, "ulikuwepo siku ile?"

"Mimi? Thubutu! Mimi nina karatasi!"

Alitoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye kimfuko cha plastiki. Akaifungua kwa ncha za vidole.

"Hati ya mauziano. Jina la muuzaji. Namba ya injini. Dole gumba la muuzaji, hili. La shahidi, hili. Kila kitu kihalali."

Fundi aliisoma. Jina lililoandikwa lilikuwa la mdogo wake, lote, mpaka la babu. Chini yake dole gumba la wino wa zambarau. Na kwenye dole gumba, kovu.

Msomaji wangu, sasa shika roho. Maana Fundi alimgeukia mdogo wake, na kile kinyaa kilichokuwa kwa Msafi kikahamia kwake.

"Uliuza?"

"Dada?"

"Miaka mitatu nakufua! Nakupikia, nakubeba mgongoni kukupeleka kliniki, nalia na wewe. Kumbe uliuza mwenyewe ukaja kunihadithia nondo?"

"Na mguu niliukata mwenyewe?" Kereng'ende aliuliza taratibu. "Kwa msumeno upi, Dada? Huo wako wa mbao?"

Fundi aliirudia ile karatasi kwa macho.

"Mimi nina saini," mdogo wake aliendelea. "Nimesoma mpaka kidato cha nne, wewe ndiye uliyeninunulia kalamu. Kwa nini niuze kwa kidole kama mtu asiyejua kuandika? Soma tarehe."

Akasoma tarehe. Ilikuwa siku ya pili baada ya kupigwa.

Siku ya pili Kereng'ende alikuwa wodini, mipira puani, hajui usiku wala mchana. Alilala hivyo siku kumi na moja.

Na hapo ndipo Fundi alipokumbuka kitambaa.

Kitambaa cheupe, maji ya uvuguvugu, sabuni. Alikuwa ametoka nyumbani kubadili nguo, na aliporudi wodini akaanza kumpangusa mgonjwa. Usoni, shingoni, mikononi. Kwenye dole gumba la kulia palikuwa na doa la zambarau. Alisugua kwa nguvu halikutoka lote. Akamuuliza mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, hii nini? Yule mtu akamjibu bila kuinua macho, "Watu wa hospitali. Wanachukua alama."

Naye akaendelea kupangusa. Akaisafisha alama ile kwa mikono yake mwenyewe.

"Ulimwona muuzaji?" alimuuliza Msafi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana. Niliambiwa ni mgonjwa, ana shida ya matibabu. Alikuja huyu shahidi. Mtu mzima, ana heshima zake, kasema ni wa familia."

"Ungemwona leo ungemjua?"

Msafi aliifuta mikono kwa leso, ingawa haikuwa na kitu.

"Jibu!" binti alipaza sauti.

"Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu."

"Nyumba ya nani?" Fundi aliuliza.

"Mama, siku nimekuja kuposa, mimi na yule shahidi tuliangaliana tukajuana. Hakusema, nami sikusema. Halafu akanivuta pembeni, akaniomba nikiulizwa niseme ni ya dukani. Nikajua hapa pana jambo. Lakini mambo ya watu mimi ya nini? Nikanyamaza. Na posa ikapita bila swali hata moja." Akamtazama binti kama anayetarajia kushukuriwa. "Nilinyamaza kwa ajili yetu."

Binti alirudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyekanyaga kitu chenye uvundo.

Ilikuwa kweli. Baba yake, mume wa Fundi, ambaye hununua kiberiti baada ya kuhesabu njiti, alikubali posa ya mgeni kabla soda haijafunguliwa. Nyumba nzima ilishangaa. Shangazi zake walisema mzee amezeeka, amekuwa mpole.

Upole! Alikuwa anamlipa mtu kimya chake, na malipo yalikuwa yamekaa sebuleni yamepakwa hina.

"Na kunikataza alinikataza," Msafi aliongeza, sasa mdomo umefunguka hauzibiki. "Aliniambia nisiilete kwako kabisa. Alisema wewe sura huwezi, unachora watu wote kama samaki. Nikasema mama mkwe hawezi kushindwa na uso kama huu."

Wakati mwingine Fundi angecheka. Leo alikuwa anahesabu jambo jingine kichwani. Wiki ile ya hospitali yalipotea makopo mawili ya kupulizia, rangi nyeusi, kutoka kwenye rafu yake. Alimgombeza mteja mmoja bure. Yalikuwa hayajatoka nje ya nyumba. Na mtu wa kwenye kile kiti wodini alikuwa mumewe.

Akalitazama tena tangi, na ghadhabu ikamjia na kichekesho chake ndani. Miaka ishirini na mitatu mtu analala kitanda kimoja na fundi rangi. Anakula chakula chenye harufu ya thina. Anamsikia kila siku akiwaambia watu kwamba rangi isiyopigiwa msasa haishiki, haishiki, haishiki. Halafu siku yake ya kuiba anapulizia juu ya mng'ao, moja kwa moja, hata vumbi hajapangusa!

Hata wizi wake ulikuwa kazi mbovu.

Lango likalia.

Mumewe aliingia na suti ya harusi begani, ndani ya mfuko wa fundi cherehani, anapiga mluzi. Alikuwa amenyoa ndevu. Alimwona mkewe, akaona binti, akaona shemeji yake amesimama kwa gongo moja. Mwisho akaona tangi jekundu linalong'aa kwa maji.

Mluzi ukakatika.

Na badala ya kusalimu, alimgeukia Msafi.

"Si nilikukataza wewe!"

Maneno matatu. Hakuna aliyehitaji la nne.

"Mwenzangu," Fundi alisema kwa upole uliotisha, "karibu. Suti imekutosha?"

"Mke wangu, sikiliza, hili jambo lina maelezo yake..."

"Maelezo baadaye." Aliinama chini ya meza, akatoa kopo dogo la rangi nyeupe, akalifungua kwa bisibisi. Akalisukuma mbele yake, na pembeni yake akaikunjua ile karatasi, palipo na dole gumba la shahidi. "Leta kidole."

Mkono wa kulia wa mumewe ulikwenda nyuma ya mgongo. Wenyewe, kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari.

"Toa mkono, Baba," binti alisema.

"Wewe nyamaza! Unaniita mwizi? Mimi nimewalea wote hapa! Dawa za hospitali zilitoka wapi?"

"Zilitoka kwenye brashi zangu," Fundi alijibu. "Leta kidole."

Jasho lilikuwa linamtoka mzee yule mpaka kwenye kola. Aliangalia lango, akaangalia magongo, akaangalia binti yake. Na alipomwangalia binti yake, kitu kibaya kilimpita usoni. Mtu anayezama hushika chochote, hata shingo ya mwanawe.

"Haya," alisema. "Mmenifanya mshitakiwa. Sasa muulizeni Kereng'ende, jioni ile nani alimpigia simu? Nani alimwambia apite njia ya machimbo?"

Wote wakamgeukia Kereng'ende.

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hakumtazama shemeji yake. Alimtazama binti, akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto asikaribie moto.

"Hakuna aliyenipigia," alisema.

"Mwongo!" mzee alifoka.

"Nimesema hakuna. Nilipita mwenyewe."

Miaka mitatu polisi walimuuliza, dada yake alimuuliza, naye alijibu hivyohivyo: nilipita mwenyewe. Na kumbe kwa miaka mitatu alikuwa amekaa chumba cha nyuma amelinda jina la mtu.

"Mjomba, usinifiche," binti alisema.

"Mwanangu, nyamaza."

"Ni mimi." Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti ilikuwa imenyooka. "Mama, ni mimi niliyempigia. Nilimwambia nimekwama machimboni na mvua inakuja, aje anichukue. Sikuwa machimboni. Nilikuwa hapa, barazani. Niliambiwa tunamfanyia mzaha wa siku yake ya kuzaliwa."

"Uliambiwa na nani?"

Binti hakujibu kwa mdomo. Alivua pete ya uchumba, akaiachia kwenye ndoo. Ilizama kwenye uji mwekundu bila hata kutoa sauti. Kisha akaenda mpaka kwa baba yake, akaushika ule mkono uliojificha nyuma, na kuanza kuuvuta mbele, kuelekea kopo la rangi nyeupe.

Mzee alikaza. Suti ikamdondoka begani ikaangukia matopeni.

Msafi aliona nafasi. Aliokota kijiti chake mezani, akaitazama njia, akaanza kusogea kinyumenyume kuelekea langoni, shati jeupe, viatu vyeupe, leso mkononi.

"Mdogo wangu," Fundi alisema bila kugeuka, "funga hilo lango."

Gongo liligonga changarawe mara tatu. Komeo likaingia.

"Leo hakuna anayetoka hapa na kidole kisafi."